Jambia la ukoo nililosafiri nalo Ulaya, na lile nililorudi nalo

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Jana nilisoma uzi wa kijana mmoja humu ndani anayekwenda kusoma nje. Chuo chake kina siku ya mavazi ya taifa, naye anataka kuvaa kanzu, joho na jambia la babu yake. Akauliza kama anaweza kulitia begini au atakamatwa uwanja wa ndege.

Komenti mlizompa nimezisoma zote. Mmoja kamwambia aliviringishe kwenye taulo. Mwingine kamwambia anunue la plastiki. Waliobaki mmecheka tu.

Nikasema ngoja niingie mimi, maana hili limenikuta. Na ninayoandika hapa ni ya kweli. Umri wangu unaelekea tisini, na mtu wa umri huu hana faida ya kutunga. Najua wapo watakaosema ni chai. Kunyweni tu, ina tangawizi.

Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, na macho ndiyo haya ya kizee. Mkiona herufi imeruka, isameheni.

Twende.

Mimi ni Mndengereko, mzaliwa wa visiwa vya delta ya Rufiji, huko kwenye mikoko. Mama alifariki sijaota meno, baba akamfuata nikiwa bado natambaa. Nililelewa na dada wa baba, shangazi yangu Bi Mwanahawa.

Nilipewa jina la babu, yaani baba yake shangazi. Kwa hiyo hakuwahi kuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita "baba". Hata akinichapa alikuwa akisema, "Baba, leo utanitambua."

Sasa jambia. Zamani za Mjerumani, babu alimuuguza nahodha wa Kiarabu aliyekuja kuchukua boriti akapigwa na homa. Nahodha alipopona akavua jambia lake kiunoni akampa. Tangu siku hiyo hakuna mwanamume wa ukoo wetu aliyeoa bila kulivaa.

Lilikuwa na masharti yake. Bwana harusi hajifungi mwenyewe, anafungwa na shangazi yake, na kwa kuwa shangazi wa watu wengi pale alikuwa Bi Mwanahawa, ndiye aliyelitunza na kuwafunga wote. Akishafungwa, anaweka kidole gumba juu ya mpini ndipo atoke nje kwa watu. Mpini ulikuwa wa pembe ya kifaru, na kwa vidole vya wote waliotangulia palikuwa pameshalika kibonde kidogo, laini, pa kuingia gumba tu.

Na halichomolewi. Hilo ndilo sharti kubwa. Anayelichomoa katika ala yake ameuita msiba kwenye nyumba ya maharusi. Mimi sikuwahi kuona ubapa wake, wala shangazi hakuwahi, wala sijui kama kulikuwa na chuma humo ndani au kutu tupu.

Nilisoma mpaka darasa la nane, nikapata ukarani wa mikoko. Enzi za Mwingereza hizo. Wakataji wakileta boriti mimi nazihesabu kwa korja, yaani ishirini ishirini, kisha nazipiga nyundo ya alama. Kazi ya matope na mbu, lakini ukiwa na kalamu sikioni unajiona gavana.

Mzungu wetu wa misitu tulimwita Bwana Miti. Katikati ya miaka ya hamsini akaniita akaniambia nimechaguliwa kwenda Uingereza miezi saba, kujifunza kupima mbao. Barua ilisema mwisho wa masomo kutakuwa na jioni ya mavazi, kila mtu aje na vazi la kwao.

Vazi la kwetu! Vazi halisi la mkata mikoko ni suruali iliyochanika na matope mpaka kiunoni. Nikamwambia shangazi nitabeba kanzu na kofia.

"Kanzu tupu?" akasema. "Uwe kama mgonjwa katoka kuogeshwa? Utachukua na jambia."

Wazee wa ukoo walikataa. Mmoja alisema jambia halijawahi kuvuka hata mto kwa safari isiyo ya harusi. Shangazi akawajibu kwamba mtoto ni wake na jambia liko kwenye kasha lake, mwenye neno aende akalalamike bomani. Hakuna aliyekwenda.

Lakini mimi aliniita pembeni. Mwanawe wa pekee, Athumani, ambaye tulilala kitanda kimoja tangu utotoni, alikuwa ameposa Kibiti. Harusi ilikuwa isimame mpaka nirudi.

"Baba," aliniambia, "Athumani anakusubiri. Sitaki zawadi ya Ulaya. Nirudishie jambia."

Nikasema nimesikia.

Mtumbwi mpaka Nyamisati, kisha miguu, kisha lori la mpunga lililotoka Kibiti kwenda Dar. Kutoka Dar meli, wiki kadhaa. Jambia lilikuwa ndani ya sanduku langu, limefungwa kwa kanga ya shangazi.

Sasa wewe kijana wa jana, sikiliza hapa.

Tulipofika bandari ya kule, afisa wa forodha akafungua sanduku. Akaikuta kanga, akaikunjua. Hakunitukana wala hakunifokea. Alikuwa mtu mpole mwenye mafua. Akanionyesha kwa mkono kwamba nilichomoe alione.

Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha darasa la nane kwamba hiki hakifunguliwi.

Akauliza kwa nini. Nikasema nikikifungua kaka yangu atakufa.

Wakuu, nilidhani nimeeleza vizuri.

Akamwita mwenzake. Wakanong'onezana. Akaniomba tena, taratibu, nichomoe kidogo tu aone kama ni kisu au kuna kitu kingine kimefichwa. Nikaweka mikono nyuma. Akaniomba mara ya tatu. Nikatikisa kichwa, machozi yakinilengalenga kama mtoto mdogo.

Basi akalichukua na ala yake. Mshipi akaniachia, maana ngozi haina kosa. Akanipa karatasi lenye muhuri, akanieleza kwamba jambia litawekwa salama pale bandarini, nije nalo karatasi hilo siku yoyote ya kazi kabla sijarudi kwetu, nitapewa.

Wiki mbili baadaye nikiwa nimelala ndipo lilinijia. Kumbe ningemwambia achomoe yeye! Sharti lilitukataza sisi. Mzungu hakutajwa popote. Angeliona, angelirudisha alani, ningekwenda zangu. Nilicheka peke yangu chumbani, halafu nikalia.

Ngoja niswali, narudi.

Nimerudi. Naona mkuu mmoja keshauliza kwa nini sikuandika barua walitume kwa posta. Niliandika. Walijibu kwa adabu kwamba mwenyewe lazima afike na asaini. Tuendelee.

Mji wenyewe ulikuwa wa viwanda vya mbao, mbali na bandari ile, treni ya kutwa nzima. Darasani tulikuwa kumi na mmoja, mweusi mimi peke yangu. Hawakuwa watu wabaya. Walinisalimia asubuhi, wakaniaga jioni, na kati ya hapo tulipima magogo.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Alikuwa akiniwekea chakula mezani kisha anakwenda kula jikoni. Nilidhani ananibagua. Baadaye nikajua alikula hivyo tangu mumewe afariki, hakutaka mtu amwone akitafuna peke yake. Kwa hiyo tulikuwa wawili nyumba moja, kila mtu na sahani yake, ukuta katikati.

Upweke, wakuu, mimi nilikuwa siujui. Kisiwani kwetu hata ukienda msalani kuna mtu anakuuliza unakwenda wapi. Kule nilipita mitaa mizima hakuna anayeniuliza. Ilifika mahali nahesabu magogo kwa sauti kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, ili nisikie tu Kiswahili kikisemwa na mtu.

Ramadhani nilifunga peke yangu. Idi sikujua ni siku gani, maana mawingu hayakuonyesha mwezi wala sikuwa na wa kumuuliza. Nikakisia. Nikaoga, nikavaa kanzu, nikaswali chumbani. Nilipotoa salamu sikuwa na mtu wa kumpa mkono. Nikajipa mwenyewe, wa kulia ukashika wa kushoto. Idi mubaraka, nikasema. Kisha nikala viazi.

Jioni ya mavazi ikafika. Nikavaa kanzu, kofia na mshipi wa babu usio na kitu. Yule mama mwenye nyumba akanitazama, akauliza pale katikati panakaa nini. Nikamweleza. Akaingia jikoni akarudi na kisu cha kukatia mkate, amekiviringisha kwenye kitambaa cheupe. Akakichomeka mwenyewe kwenye mshipi wangu, akaufunga upya na kukiweka sawa.

Nilikwenda hivyo. Nilisimama mbele ya watu na kisu cha mkate kiunoni, wakapiga makofi sana. Mmoja akaniuliza kama ni cha kichifu. Nikasema ndiyo.

Mnaweza kucheka, nawaruhusu. Mimi nilikuwa nawaza kwamba mtu wa kwanza kunifunga mshipi ule alikuwa mwanamke nisiyejua hata jina lake la kwanza.

Masomo yakaisha. Zilibaki siku nne meli iondoke, na meli safari hii ilikuwa ya kutoka London. Hesabu ilikuwa rahisi: siku moja kwenda bandarini kulichukua jambia, siku moja kuja London, na mbili za ziada. Nilimwaga yule mama, nikaenda stesheni na sanduku langu. Karatasi lenye muhuri lilikuwa mfuko wa shati.

Nikasimama kwenye foleni ya tiketi. Mbele yangu watu watatu.

Nyuma yangu mtu akaangusha mzigo mguuni kwake, akasema, "Lahaula!"

Niligeuka kwa nguvu mpaka kofia ikaanguka. Alikuwa baharia wa Mombasa anaitwa Saidi, mtu mzima, anaishi London na wenzake, kaja mji ule kwa shughuli zake. Nikamwambia shikamoo. Akaduwaa. Akasema, "Marahaba mwanangu, wewe watoka wapi?" Nikasema Rufiji, nikarudia tena Rufiji. Miezi saba nilikuwa sijaitwa mwana wa mtu.

Akanishika bega akaniambia, "Sisi tuko wane, nyumba moja. Twapika wali, twacheza karata. Treni ya London yaondoka sasa hivi. Haya, twende zetu!"

Nikamwambia nina safari ya bandarini, kuna mzigo wangu.

"Mzigo gani?"

Nikasema, "Mdogo tu."

Hapo ndipo nilipoteleza, wakuu. Sikusema jambia la ukoo. Sikusema harusi ya Athumani. Nilisema mdogo tu, kwa sababu moyoni nilishaamua. Nikajidanganya kwamba nitakula nao siku moja, nitaondoka kesho yake. Nikakata tiketi ya London.

Kesho yake wakapika samaki wa nazi. Nazi waliipata wapi mpaka leo sijui. Wakazungumza usiku na mchana, wakagombana, wakataniana, mmoja akaniita mkata magugu wa Rufiji. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Siku zile nne sikulala saa nyingi, sikutaka kupoteza neno hata moja. Karatasi lilikuwa mfukoni, nami nilikuwa nikilipapasa, kisha naondoa mkono.

Siku ya nne nikapanda meli bila jambia.

Sijui kama mnanielewa. Laiti Wazungu wangeninyang'anya, ningerudi nimenyanyua kichwa. Ningemwambia shangazi walichukua, naye angewalaani mpaka kizazi cha saba, na yangekwisha. Lakini hawakunyang'anya. Lilikuwa pale, limehifadhiwa, linanisubiri. Mimi ndiye niliyelibadilisha na wali wa nazi na mtu wa kuniita mwanangu.

Meli ikatia nanga Aden. Nikashuka sokoni. Majambia yalikuwa yamening'inizwa kama kambale kwenye moshi. Nikapekua duka kwa duka mpaka nikapata moja la kufanana, la zamani kidogo, mpini wa pembe, ala ya ngozi na fedha nyeusi. Nikalitolea fedha yote iliyobaki. Nikalivika mshipi wa babu. Ukilitazama hatua tatu huwezi kujua.

Tulipotoka Aden nikalitupa lile karatasi la muhuri baharini. Kwa nini, sijui. Labda niliogopa nikiwa nalo nitasema.

Shangazi alinipokea Nyamisati mwenyewe. Mwanamke mzima yule aliingia majini mpaka magotini. Hakuuliza habari za Ulaya.

"Limerudi?"

"Limerudi, shangazi."

"Alhamdulillahi," akasema, akanifutia uso kwa upande wa kanga yake.

Harusi ya Athumani ikafanyika Kibiti wiki iliyofuata. Nyumba imejaa, ngoma nje, wanawake wanapiga vigelegele. Chumbani tulikuwa watatu: Athumani amesimama kama mlingoti, mimi nimeshika kasha, na shangazi amepiga magoti na kikombe cha mafuta ya nazi. Kabla ya kulifunga huwa analipaka mpini mafuta.

Akalitoa. Akachovya vidole. Akapaka kutoka chini kwenda juu, kama alivyofanya kwa wote. Kidole gumba chake kikafika pale penye kibonde.

Hapakuwa na kibonde.

Kidole kikarudi chini. Kikapanda tena. Kikazunguka. Mimi nilikuwa natazama kile kidole, sikutazama uso wake. Ngoma ilikuwa inapiga nje.

Kisha akavuta mshipi, akaufunga, akakaza, akampiga mwanawe kiganja cha tumbo. "Haya, toka kwa watu," akamwambia. Sauti ileile ya siku zote.

Athumani akatoka, gumba juu ya mpini. Alikuwa na furaha kiasi kwamba hata angefungwa mwiko asingejua.

Shangazi akabaki anapangusa mafuta mikononi. Mimi nikabaki. Akapangusa muda mrefu. Nikamwambia nje wananiita, nikatoka.

Hakuna aliyekuwa ananiita.

Mwaka uliofuata nikaposa mimi, binti wa kijiji cha Mchukwi, marehemu mke wangu Zainabu, Mungu amrehemu. Siku ya harusi shangazi akaja na kanzu mpya, joho la kuazima, marashi, udi. Akanivisha kila kitu kwa mikono yake. Kasha la jambia lilikuwa pale, yeye hakulifungua.

Wazee wakauliza, na jambia?

Akawajibu bila kugeuka. "Huyu kashalivaa Ulaya mbele ya Wazungu. Jambia halivaliwi mara mbili na mtu mmoja."

Wazee wakatazamana. Wakasema kumbe, ndivyo ilivyo, tulikuwa tumesahau. Wakuu, hakukuwa na sharti kama hilo duniani! Alilitunga pale pale, na wao wakalikumbuka. Mpaka hii leo kwetu, ukisafiri na jambia nje ya nchi hulivai tena kwenye ndoa, na vijana wanafuata, na mimi nanyamaza.

Baada ya kusema vile alinitazama. Alinitazama kwa muda, mikono yake iko kwenye kola ya joho langu. Nikainamisha macho.

Nikatoka kwa watu sina kitu kiunoni. Mimi peke yangu katika ukoo mzima. Sikujua gumba langu niliweke wapi.

Nilimchukia, nisiwafiche. Nilisema moyoni, basi kama unajua, niumbue. Piga kelele. Lakini kumlinda mtu mbele ya wote na kumwadhibu kimya kimya, hiyo ni adhabu gani? Na kila harusi iliyofuata alinituma mtu, kokote nilikokuwa kwenye boriti zangu, nije nimshikie kasha. Vijana walikuwepo tele wa kushika kasha. Aliniita mimi. Tunakuwa watatu chumbani, bwana harusi, yeye na mimi. Anapaka mafuta, kidole kinafika pale, kinasimama kidogo, kinaendelea. Bwana harusi anatoka. Tunabaki wawili. Anapangusa mikono polepole.

Nami kila mara naitwa nje na mtu ambaye hayupo.

Nilidhani ananitesa.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru akaugua. Athumani alikuwa amemhamishia kwake Kibiti. Nilifika mchana mmoja wa jua kali, nikamkuta kwenye kitanda cha kamba barazani, kakonda, macho yapo. Nikamshika mkono, shikamoo shangazi. Akamwambia Athumani aende dukani kununua kitu, sikumbuki ni nini, nadhani hata hakikuhitajika.

Akaniambia, "Baba, kaa hapa. Hujanisimulia hata siku moja safari yako ya Ulaya."

Ilikuwa kweli. Miaka yote ile sikuwahi kumsimulia.

Basi nikamsimulia. Nikamsimulia meli na mawimbi, namna nilivyotapika. Nikamsimulia baridi inayofanya mate yagande. Nikamsimulia yule mama anayekula jikoni, akasema "maskini". Nikamsimulia Idi yangu, nilivyojipa mkono. Hapo akafumba macho, chozi likamtoka likaingia sikioni, sikulifuta. Nikamsimulia mpaka kisu cha mkate, yaani nilifika hapo! Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatisha. Sikumwambia kwa nini nilivaa kisu cha mkate. Nilisema ulikuwa utani wa wanafunzi.

Nikamsimulia mabaharia wa London na samaki wa nazi. Nikarukia kwenye meli, nikamfikisha Nyamisati.



Akaniuliza, "Ndiyo yote?"

Kuku walikuwa wanachakura chini ya kitanda. Nakumbuka hilo vizuri. Nilifungua mdomo.

"Ndiyo yote, shangazi."

Akanipapasa mkono mara mbili, kama mtu anayemwachia mwenzake mzigo njiani kwa kuwa yeye kafika kwake.

"Haya, baba," akasema.

Alifariki siku ya tatu yake. Nilikuwa mmoja wa walioingia kaburini kumpokea. Nikiwa mle chini, mikono yangu ikiwa chini ya mgongo wake, ndipo nilipoelewa kwa nini aliniita kila harusi kuja kushika kasha. Hakuwa ananitesa. Alikuwa ananipa nafasi. Alikuwa anapangusa mikono polepole ili nipate muda. Hata lile sharti la uongo alilitunga kunifunika, akitumaini nikishafunikwa nitapata nguvu ya kusema. Alinisubiri harusi moja hadi nyingine, na mwisho akaniuliza kwa mdomo kabisa, nami nikamwambia ndiyo yote.

Angenisamehe, wakuu. Angenichapa kwanza, halafu angenisamehe. Ninamjua, alinilea.

Kwa hiyo kijana wa jana, jibu lako ni hili. Usilifiche kwenye taulo. Waandikie ubalozi na shirika la ndege kabla hujaondoka, waulize, chukua majibu kwa maandishi. Litie kwenye begi la chini, si la mkononi. Wakikwambia lichomoe, kama kwenu kuna sharti, mwambie achomoe yeye. Na likichukuliwa, hata kwa kosa lako, hata kwa aibu yako, siku unayorudi nyumbani sema kabla hujavua viatu. Siku ya pili inakuwa ngumu zaidi, na ya tatu haisemeki tena.

Jambia la Aden lipo hai. Limeshika ndoa za wana, wajukuu na sasa vitukuu. Siku hizi lina kibonde chake, kidogo, kinaanza kuonekana.

Jumamosi hii kitukuu wa Athumani anaoa, Kibiti. Huwa wananipa maikrofoni nisimulie historia ya jambia kwa kuwa wakubwa wamekwisha. Athumani mwenyewe alishafariki akiamini alivaa la babu. Kila mara nasimulia nahodha na homa, watu wanapiga makofi. Safari hii nitawasimulia na stesheni ya treni. Ninyi nimeanza nanyi kwa kuwa hamnijui, na mdomo unahitaji mazoezi.

Haya, uwanja wenu. Nikosoeni, nishaurini, hata mnicheke, nimezoea. Ila atakayekuja kuandika, "Mzee, yalishapita hayo, kile ni kisu tu," ajue nimejiambia maneno hayohayo kila siku kwa miaka sitini na kitu, na bado leo nimeamka nikaandika.